Deni la Marehemu wa Kabambare

Shule moja ya masista hapa Kasongo ilikuwa na desturi ya kuniita kila mwaka, mitihani ya Serikali ikikaribia, nizungumze na wanafunzi wa seksio ya komersiale, yaani mkondo wa biashara, juu ya kazi ya hesabu. Nilikwenda nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Swali lao lilikuwa lile lile: "Papa, tukimaliza, kazi itapatikana?" Niliwajibu kwamba kazi ya kuandika namba inapungua, maana siku hizi kila mtu anajumlisha kwa simu, lakini kazi ya kuwafanya watu walipe haitakwisha mpaka kiama, kwa sababu binadamu hapendi kulipa. Walicheka. Mimi nilikuwa nasema kweli tupu, au ndivyo nilivyodhani.

Kwa diploma mimi ni kontable, yaani mhasibu, kwa kazi nilikuwa mdai madeni. Depo iliyoniajiri inauza chumvi, sabuni, sukari, vitenge, misumari na mabati kwa wachuuzi wa barabara yote ya Kabambare, hadi huko kwenye machimbo ya dhahabu. Wachache wanalipa papo hapo. Wengine wanachukua mzigo kwa ahadi, na mwenye kuifuata ahadi hiyo alikuwa mimi. Nusu ya mwezi nilikaa ofisini na vitabu vya hesabu, nusu nyingine nilikaa nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, nikienda kudai. Watoto wa njiani waliniita Papa Lipa, yaani Baba Lipa. Mke wangu naye, akiwa amenikasirikia, aliniita hivyo hivyo.

Watu wanafikiri ufundi wa kazi ile ni kujua hesabu. Hesabu hata mama anayeuza karanga anaijua, tena kuliko mimi. Ufundi uko kwenye masikio. Mdaiwa akikutukana, vuta kiti ukae: pesa anazo, anaona haya tu. Akilia, muage kwa upole uende zako, ila usisahau kurudi wakati wa mavuno ya mpunga. Akisema kesho, rudi kesho kabla hajanawa uso. Lakini akitabasamu, akakushika bega na kukuambia, "Usisumbuke, nitakutafuta," hapo funga mkoba wako. Pesa anazo, na amekwisha kukata shauri kwamba si zako. Katika miaka yangu yote ya kudai sijamwona mtu aliyesema nitakutafuta, kisha akanitafuta.

Na kuna adabu zake. Humdai mtu mbele ya wakwe zake. Huwadai watu wakiwa wanakula. Humtaji mtu kiasi cha deni mahali penye masikio mengine, unasema "lile neno letu" na yeye anaelewa. Mdai asiye na adabu analipwa mara moja tu. Mimi nililipwa na watu wale wale miaka na miaka, nikala kwao, nikawazikia wazazi wao.

Basi patroni wangu, mwenye depo, akamleta mpwa wake kutoka Bukavu. Kijana mpole, mwenye ordinatere ndogo, yaani kompyuta, na miwani, hana ubaya wowote, na ndiyo maana nilishindwa hata kumchukia vizuri. Aliyachukua majina ya wateja wote na namba zao za simu, akayaingiza kwenye ile ordinatere, na tangu siku hiyo deni likipita muda wake, mashini yenyewe inamtumia mteja ujumbe. Haimsalimu mke wake. Haiulizi kama mvua imenyesha. Tulikuwa wadai watatu. Mmoja aliambiwa apumzike, wa pili akaona mwenyewe akarudi kulima kwao Nyangwe. Nikabaki mimi, nikiwa na mvi, na mabinti wawili shuleni, na nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hakosi kubisha hodi.

Siku moja patroni aliniita, akafunga mlango.

"Kontable, dunia inabadilika. Hii mashini haiombe esanse ya pikipiki, haiombe ruhusa ya kilio. Lakini mimi si mutu mubaya. Kuko ile deni kubwa ya Kabambare. Ukiileta mbele ya mwezi kuisha, kiti yako inabaki. Ukiikosa, mutoto atafanya kazi yote peke yake."

"Patroni, ule mutu analipaka siku zote. Ni machimbo ndiyo ilimuangusha."

"Basi aende kuiambia mashini," akasema, akacheka. Sikucheka.

Mwenye deni lile nilimfahamu tangu enzi alipokuwa anasukuma chumvi kwenye kinga, yaani baiskeli, kutoka Kasongo mpaka kwao. Mwislamu, mtaratibu, mwenye sauti ndogo. Alipanda polepole mpaka akawa na duka la mabati, akawakopesha wachimbaji dhahabu. Kisha mvua kubwa ikajaza mashimo maji, wachimbaji wakahama usiku na madeni yao, naye akabaki na letu. Hakuwahi hata mara moja kuniambia atanitafuta. Alisema, "Papa, sina, rudi," na nikirudi nilikuta walau kitu kidogo. Kwa miezi michache alikuwa mgonjwa wa tumbo, na hilo nilikuwa nalijua.

Nikaondoka. Dereva wa pikipiki alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanacheka darasani kwa masista. Alinikumbusha mwenyewe, tulipokuwa tunaisukuma pikipiki kwenye tope: "Papa, ni weye ulisema kazi ya kudai haiishe." Diploma yake ilikuwa nyumbani, ndani ya plastiki. Nikamwambia asukume.

Tulipoingia Kabambare niliona wanaume wameketi nje ya nyumba ya mteja wangu, kwenye mikeka, bila kelele. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amefariki alfajiri ile.

Nilikaa na wenzangu mkekani, nikalia kidogo, na nilimlilia yeye kweli. Lakini nitasema yote: nilijililia na mimi. Kukopa harusi, kulipa matanga, watu wanasema hivyo wakitaniana, na mimi nilikuwa nimefika kwenye matanga yenyewe, na mkoba wa risiti begani.

Katika ukoo ule wana desturi moja wanayoishika sana. Kabla maiti haijaswaliwa, ndugu mkubwa anasimama na kuuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu. Mwenye neno anasema pale pale. Ukoo ukijibu "tumepokea", deni linahamia mabegani mwa walio hai, na marehemu anakwenda mwepesi. Wewe mdai ukinyamaza, umesamehe. Ukija kudai baadaye, utaangaliwa kama mwizi, na mwenye haya hatarudi tena katika mji ule. Mimi ni Mkristo wa kijijini karibu na Kasongo, lakini kwa kazi yangu nilikuwa nimeketi katika vilio vingi vya namna ile, na nilijua namna ya kusimama.

Ninyamaze? Ningeweza. Mjane alikuwa ndani na watoto, sauti yake tuliisikia. Nikawaza mabinti zangu na kile kiti. Nikawaza pia, na hili si la kujipamba, kwamba yule mtu mwenyewe asingependa nimnyamazie. Alichukia sana kusamehewa.

Ndugu yake mkubwa alisimama katika kanzu nyeupe. Ni mkulima wa mpunga, mnene, mwenye mikono mikubwa. Akasema, "Marehemu alikuwa mutu kama sisi. Alikula na watu, alichukua kwa watu. Kama kuko mutu anamudai, aseme sasa, asiogope."

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, viatu mkononi. Nikavua kofia.

"Kaka, mimi niko na neno na marehemu. Si neno la ugomvi."

Sikutaja kiasi. Sikutaja depo. Watu waligeuka, wakaniona ni mimi, wakarudisha nyuso zao mbele. Ndugu alinitazama, akaitikia kwa kichwa.

"Neno yako tumeipokea. Tukitoka kuzika, tutakaa."

Yule mtu alikuwa anakwenda bila mzigo, na mimi nilikuwa nimebaki na kazi, na vyote viwili vilitokea kwa sentensi moja iliyosemwa vizuri. Nilifurahi kilioni, nikaona haya ya kufurahi. Hata mjane alituma mtu aniambie nisiondoke kabla ya kula, wameniwekea sahani ya wali.

Sasa, makaburi ya upande ule yako juu ya mwinuko, na watu wote wa mtaa wanajua kwamba simu zinashika mtandao pale tu. Vijana wakitaka kupiga, wanapanda makaburini. Chini kwenye nyumba simu ni tochi na saa. Ndugu mkubwa alikuwa ameiweka simu ya marehemu katika mfuko wa kanzu yake ili isipotee katika msongamano. Tulipanda, tukazika. Watu walikuwa wanamalizia kutupa udongo ndipo ile simu ikalia, ikalia tena, ikalia tena, ujumbe wa siku nyingi ukiingia kwa pamoja.

Akaitoa. Alidhani ni rambirambi za ndugu walioko Kindu na Kalemie, na rambirambi husomwa mbele ya watu. Akanyoosha mkono kuiweka simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu asiyezoea:

"Mteja wetu mpendwa. Deni lako limepita muda. Lipa sasa, la sivyo tutakufuata popote ulipo."

Na chini, jina la depo.

Mtu aliyeshika jembe alibaki nalo hivyo hivyo. Kisha, mmoja mmoja, wakanigeukia.

"Kaka," nikasema, "si mimi. Ni mashini ya kule Kasongo. Mashini haijue kama mutu amekufa."

"Nani aliipatia namba yake?"

Nikaishika kofia yangu kwa mikono miwili.

"Weye ulisimama mbele yetu na heshima, tukakupatia neno," akasema. Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Saa hii munamufuata mutu mpaka ndani ya kaburi. Neno yetu haikuwatosha?"

"Ilitosha, kaka."

"Deni hatuikatae. Lakini leo hautabeba kitu ya hapa. Panda pikipiki yako, uende."

Nilishuka peke yangu. Nilipofika nyumbani kwao kuchukua mkoba wangu, sahani iliyokuwa imewekwa kwa ajili yangu haikuwepo tena. Shangazi mmoja alikuwa amesimama mlangoni nayo mkononi, imefunikwa, akingoja nipite. Nimetukanwa sana katika kazi yangu, nimefukuzwa na mbwa, nimemwagiwa maji machafu. Ile sahani ndiyo inayonirudia.

Niliporudi Kasongo, patroni alinisikiliza mpaka mwisho. Mpwa wake alikuwa pale pale kwenye ordinatere yake. Nilipofika kwenye ile simu kulia makaburini, aliinua kichwa, uso umeng'aa.

"Kumbe ilifika? Mpaka Kabambare?"

Nakuapia, hakuwa na ubaya. Alikuwa amefurahia kazi ya mikono yake, jinsi mtu anavyofurahi redio aliyoitengeneza ikianza kusema. Patroni alitazama meza. Akasema mwezi umeisha, deni nimelikosa, tuliongea kama wanaume. Mishahara ya nyuma ambayo depo ilikuwa bado haijanilipa, pamoja na haki zangu za mwisho, ingepangwa. Nikamrudishia funguo na muhuri.

Mtu akikuambia kontable hakosi kazi, mwambie aje atembee na mimi. Nilikwenda kwenye kinu cha mpunga, wakaniuliza kama najua ordinatere. Kwenye ofisi za misaada waliniuliza hilo hilo, tena wakaongeza umri wangu. Misheni wana mtu wao. Muuza dawa mmoja alinitaka niwe namwandikia jioni, kwa malipo ya sabuni. Nilikubali, kwa sababu sabuni tulikuwa hatuna. Mchana nilikaa na mke wangu kwenye meza yake ya maandazi, na wale niliokuwa nawadai walikuja kununua, wakanisalimia kwa huruma, na mmoja akanikopa maandazi. Mwaka ule masista walimwita yule mpwa azungumze na wanafunzi. Nasikia alisema vizuri.

Ulipokwisha kuvunwa mpunga, mtu alibisha hodi nyumbani asubuhi. Alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu, katika kanzu ile ile, vumbi mpaka kwenye kope. Alikataa kiti mpaka alipomaliza kusema. Akafungua kitambaa, ndani mlikuwa na pesa, zimefungwa na uzi.

"Hii ni ya ndugu yangu. Tuliuza mupunga, tuliuza na mabati yaliyobakia."

"Kaka, mimi sifanyi tena kazi kule."

"Depo sikuiambia kitu. Neno nilikupa weye."

Mke wangu aliniita nyuma, jikoni. Alikuwa ameona kile kitambaa.

"Depo iko na deni yako ya mishahara," akasema chinichini. "Kata humo yako, ingine uwapelekee."

Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa anasema haki. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, na mikono yangu ilitaka kuifanya. Lakini ningekata, deni la marehemu lingebaki wazi kule depo, na yule mtu mwenye mikono mikubwa alikuwa amekuja kutoka Kabambare kulifunga. Nikamwambia mke wangu hapana. Aliendelea kuchota mawese bila kunitazama.

Tukaenda depo wote wawili, mimi na mgeni wangu. Patroni alizihesabu pesa mara mbili, akampa mpwa wake, naye akabonyeza, akabonyeza tena. Patroni akaegemea kiti, ameridhika.

"Munaona? Mashini iliwakumbusha, wamelipa. Ilikuwa tu kuvumilia."

"Patroni," nikasema, "walikuja kwangu. Ni ile neno ya kwenye kilio."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akionyesha ordinatere kwa kidevu. "Lakini hapa imeandikwa ujumbe ulienda, na pesa imeingia."

Wakati huo huo ile simu ya marehemu ililia katika mfuko wa kanzu. Ndugu wa marehemu aliitoa. Safari hii hakusoma kwa sauti. Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha akanipa mimi. Iliandikwa: "Asante, mteja wetu mpendwa. Deni lako limekwisha. Sasa unaweza kukopa tena."

Nilimwuliza kijana kama anaweza kuliondoa lile jina. Alitafuta, akakuna kichwa, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba mteja aliyelipa haondolewi, na kwamba hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu amekufa. Ndugu wa marehemu akaizima simu, akaitoa betri, akavitia katika mifuko miwili tofauti. Akanishika mkono, akashukuru, akatoka kutafuta pikipiki ya kurudi kwao. Hakuaga mtu mwingine.

Mimi nilibaki. Nilingoja wateja wawili waliokuwa dukani waondoke. Nilingoja kijana atoke kwenda kunywa maji. Nikavua kofia, nikasogea mezani, nikasema kwa sauti ya chini, bila kutaja kiasi:

"Patroni, na lile neno letu?"

Aliinuka kitini. Alizunguka meza, akaja mpaka nilipo, akatabasamu, akaniwekea mkono begani.

"Usisumbuke, kontable," akasema. "Nitakutafuta."

Nikavaa kofia yangu. Sikumwuliza lini.